Foleni imepungua au imehama? Namna ya kuzipima barabara mpya za mjini Unguja

Ukipanda daladala Mwanakwerekwe asubuhi kuelekea Darajani, mazungumzo hayachelewi kufika kwenye barabara. Abiria mmoja atasema tangu lijengwe daraja la juu anafika kazini mapema. Mwengine, kiti cha nyuma, atamjibu kuwa foleni ipo pale pale, imesogea mbele tu. Utingo naye atatia lake: idadi ya safari anazopata kwa siku haijabadilika. Inawezekana kabisa wote watatu wanasema kweli. Anayekaa Kiembesamaki na anayekaa Fuoni hawapiti njia moja, na anayetoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu hakutani na gari anazokutana nazo anayetoka saa mbili kasorobo.

Lakini suala lenyewe ni zito kuliko ubishi wa garini. Fedha nyingi za umma zimeingia kwenye barabara za mjini na madaraja ya juu ya Amani na Mwanakwerekwe. Wapo waliopisha njia, wapo waliofanya biashara katikati ya vumbi na vifusi. Watu hawa wana haki ya kujua walichopata, na jibu la "mimi naona" halitoshi, liwe limetoka kwa abiria au kwa kiongozi jukwaani.

Njia ya kupata jibu ina jina la kiofisi: ufuatiliaji na tathmini. Maneno haya husomwa pamoja katika kila hotuba ya mradi mpaka yamekuwa kama neno moja. Ni kazi mbili, na kila moja ina wakati wake.

Fikiria kanzu ya Idi. Fundi hukupima kabla hajashika mkasi. Katikati ya kazi hukuita ujaribu, akiona bega halijakaa hulirekebisha mapema. Kule kukuita na kurekebisha ndio ufuatiliaji: kazi inakwenda kama tulivyokubaliana? Kitambaa kinatosha? Siku zimebaki ngapi? Tathmini huja Idi yenyewe, kanzu ikiwa mwilini. Imekukaa? Unaweza kurukuu bila ya kubanwa? Bei uliyolipa ilistahiki? Mradi wa barabara unaweza kufaulu katika la kwanza, ukamalizika kwa wakati na ndani ya bajeti, na bado ukafeli katika la pili.

Tena kuna jambo katika mfano huo ambalo ndilo linalonifanya niandike makala hii. Fundi hupima kwanza. Asiyekupima mwanzo hawezi kukwambia baadaye amepunguza inchi ngapi.

Kupima kabla ya kuchimba

Vipimo hivi vya mwanzo wataalamu huviita takwimu za awali. Kabla ya tingatinga la kwanza kuingia, inatakiwa ijulikane gari ngapi na watu wangapi wanapita kila makutano kwa kila saa, safari ya kutoka Kiembesamaki hadi Darajani inachukua muda gani asubuhi na jioni, watu wangapi wameumia na wapi, na watembea kwa miguu wanavuka sehemu zipi. Lami ya zamani ikishang'olewa, nafasi ya kuipima hali ile imeondoka na hairudi. Ndiyo maana nasema, swali la kwanza la kumuuliza mtu anayetangaza kwamba foleni imepungua ni fupi sana: mlipima lini mara ya kwanza?

Upimaji wenyewe hauhitaji uchawi. Njia kongwe ni vijana waliokaa kwenye kona na daftari, wakitia alama kwa kila chombo kinachopita: gari binafsi, daladala, lori, honda, baskeli, gari ya ng'ombe. Ipo njia ya kulaza mpira mwembamba juu ya lami, kila tairi likiukanyaga hewa husukumwa na mashine ikahesabu. Zipo kamera. Kwa kupima muda wa safari kuna mbinu moja ninayoipenda kwa urahisi wake: gari ya kupimia huingia kwenye foleni, na dereva huagizwa azipite gari nyingi kadiri ya zile zinazompita yeye. Kwa hivyo mwendo wake unakuwa mwendo wa barabara, wala si wa dereva mwenye haraka au mwenye woga. Siku hizi simu za mkononi nazo hutoa picha ya mwendo wa gari mji mzima, ila simu hazituambii ndani ya gari mna mtu mmoja au ishirini.

Sasa, hata ukiwa na vipimo vya kabla na vya baada, kuvitazama kwa pupa kunapotosha. Mji wetu haukai ukisubiri tumalize kupima. Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Mjini Magharibi una watu 593,678. Sensa ya 2022 ikakuta 893,169. Ni ongezeko la zaidi ya nusu ndani ya miaka kumi. Barabara ambayo leo inakuchukua dakika zile zile za miaka kumi iliyopita, huku imebeba umati huo wote ulioongezeka, huenda imefanya kazi kubwa ambayo jicho haliioni. Kinyume chake pia kinawezekana: foleni ikapungua kwa sababu nyengine kabisa, mafuta yamepanda bei, au skuli zimefungwa, na mradi ukabeba sifa isiyo yake.

Kwa sababu hiyo mpimaji makini hutafuta barabara ya kulinganishia, iliyofanana na ile iliyotengenezwa lakini haikuguswa. Zote mbili zimepata ongezeko lile lile la watu, bei ile ile ya mafuta, mvua ile ile. Iliyotengenezwa ikipata nafuu na mwenzake akazidi kuelemewa, tofauti yao ndiyo iliyo karibu na kazi halisi ya mradi.

Na hapa kwetu kalenda ina mtego wake. Ripoti nyingi hulinganisha mwezi na mwezi wake: Machi ya mwaka huu na Machi ya mwaka ule. Sehemu nyengine za dunia hilo ni sahihi. Unguja si salama. Mwaka wa Hijria hupungua siku kama kumi na moja kwa ule wa kalenda ya kawaida, kwa hivyo Ramadhani huhama. Machi ya 2022 haikuwa na Ramadhani. Machi ya 2025 karibu yote ilikuwa Ramadhani. Kila mkaazi wa mjini anajua mwezi ule hali inavyogeuka: asubuhi kumepoa, kisha kuanzia alasiri Darajani panafurika wanaotafuta vitu vya futari, na karibu na magharibi kila mtu anataka afike kwake kabla ya adhana. Mtu akizilinganisha Machi hizo mbili bila kujua hili ataandika matokeo ya mfungo akidhani ameandika matokeo ya barabara. Ongeza msimu wa watalii, masika, na siku za kuelekea Sikukuu, utaona kwa nini wiki moja ya kuhesabu haiwezi kubeba hukumu ya mradi mzima.

Tuhesabu nini hasa?

Mradi ukizinduliwa tunasikia kilomita zilizotiwa lami, idadi ya taa, urefu wa daraja. Hivi ni vitu vilivyojengwa, na ni sawa vitajwe, maana mkandarasi amelipwa kwa ajili yake. Lakini hakuna mtu aliyelala njaa ya lami. Watu walitaka kufika mapema, kufika salama, kutumia nauli ndogo, mgonjwa kuwahi hospitali ya Mnazi Mmoja. Kilichojengwa ni kitu kimoja na kilichobadilika katika maisha ya watu ni kitu chengine, na tathmini hukaa upande huu wa pili.

Kosa la kwanza katika kuchagua cha kuhesabu ni kuhesabu vyombo tukasahau watu. Daladala ni chombo kimoja. Gari binafsi ni chombo kimoja. Tuseme daladala ina abiria kumi na wanane na gari binafsi ina dereva peke yake. Makutano yakitengenezwa kiasi kwamba gari binafsi zinapita chapu huku daladala zikisubiri zaidi kuingia kituoni, karatasi itaonesha vyombo vingi vimepita kwa saa, na watu wengi zaidi watakuwa wamecheleweshwa. Kipimo cha haki ni watu waliopita, na ndani yake wamo wanaotembea kwa miguu, ambao kwenye majedwali mengi hawapo kabisa.

Kosa la pili ni kuuamini wastani. Tuseme safari yako huchukua dakika 25 kwa siku nne na dakika 60 siku ya tano, wala hujui siku mbaya itaangukia lini. Wastani ni dakika 32. Mwalimu anayetakiwa darasani saa moja na nusu hawezi kuipanga asubuhi yake kwa dakika 32. Huipanga kwa dakika 60, kila siku, kwa kuhofia ile moja. Mradi ukiifuta ile siku mbaya tu, ikashuka mpaka dakika 35, wastani utasogea kutoka 32 hadi 27. Ripoti itasema tumeokoa dakika tano na msomaji ataona ni kidogo. Mwalimu amepata dakika 25 za asubuhi, siku zote tano za wiki. Uhakika wa muda ni neema kubwa kwa mtu wa kawaida kuliko kasi yenyewe, na nasikitika kuona ni nadra kutajwa.

Kuhusu foleni kuhama, yule abiria wa kiti cha nyuma ana hoja. Tazama mtaro wa maji ya mvua. Ukiupanua juu na kalvati ya chini ukaiacha ndogo, maji hayapotei. Yatashuka kwa kasi zaidi yamfurikie jirani wa bondeni. Gari nazo ndivyo. Na umbo la mji wetu linazidisha tatizo. Mji Mkongwe umekaa kwenye ncha ya nchi kavu iliyoingia baharini, na zamani mkono wa bahari uliutenga na Ng'ambo. Jina la Darajani linatokana na daraja lililouvuka mkono huo kabla haujafukiwa. Wanaotoka Bububu, Amani, Fuoni na Uwanja wa Ndege wote wanashuka kuelekea upande mmoja, kwenye soko, bandari, hospitali na afisi. Ukizifungua njia za juu, gari zitafika haraka zaidi kule kwenye shingo ya chupa, Michenzani, Mlandege, Malindi, na ndani ya Mji Mkongwe wenyewe, ambao tangu 2000 ni Urithi wa Dunia, hakuna wa kuzipanua njia. Kwa hivyo kupima Mwanakwerekwe peke yake ni kumpima mgonjwa kidole. Ipimwe safari nzima, kutoka mlangoni kwa mtu hadi alikokusudia.

Linalofanana na hilo ni imani kwamba barabara ikiwa pana zaidi basi foleni imekwisha daima. Kisima kipya kikichimbwa mtaani, hawaji kuteka wale wale wa jana tu. Watakuja waliokuwa wakinunua maji, waliokuwa wakienda mbali, na waliokuwa wakifua mara moja kwa wiki sasa watafua mara tatu. Barabara ikiwa nyepesi, aliyekuwa akipanda daladala ananunua gari, aliyekuwa akienda mjini mara moja anakwenda mara mbili. Mji wa Houston, Marekani, ulipanua barabara yake ya Katy, kazi ikamalizika 2008, mpaka sehemu nyengine zikawa na njia zaidi ya ishirini ukijumlisha na za pembeni. Baada ya miaka michache safari za jioni zilirefuka tena. Sisemi tusijenge. Safari mpya zina thamani yake: mchuuzi wa samaki anafikisha bidhaa ikiwa mbichi, mwanafunzi wa shamba anaweza kusoma mjini akarudi kwao. Ninachosema ni kwamba nafuu ya mwaka wa kwanza isitangazwe kama nafuu ya milele. Ipimwe mwaka wa kwanza, wa tatu na wa tano.

Mji uliofanya jambo hili kwa uaminifu wa kupigiwa mfano ni Stockholm, Sweden. Walitaka kujua kama kuwatoza ada wenye gari wanaoingia katikati ya mji kungepunguza msongamano, na watu wengi hawakuamini. Wakapima kwanza 2005. Wakaanza kutoza kwa majaribio Januari 2006 hadi mwisho wa Julai. Gari zilizovuka mpaka wa mji zikapungua kiasi cha moja ya tano. Kisha wakaisimamisha ada na kuendelea kupima, na gari nyingi zikarudi. Kule kurudi ndiko kulikothibitisha kuwa ada ndiyo iliyofanya kazi. Septemba ya mwaka huo wananchi wakapiga kura wakiwa wameona kwa macho yao hali zote tatu, kabla, wakati na baada, na Agosti 2007 mpango ukawa wa kudumu. Hatulazimiki kuichukua ada yao. Utaratibu wao wa kupima unaweza kuchukuliwa na mji wowote, hata kwa jambo dogo kama kuifanya njia moja ya Ng'ambo iwe ya kwenda tu.

Ajali, na somo la mkarafuu

Katika usalama ndimo makosa ya tathmini yanapogharimu uhai, na ndimo ambamo nia njema hudanganyika kwa urahisi.

Kwa kawaida makutano hurekebishwa baada ya mwaka mbaya. Watu wamekufa, wananchi wamelalamika, matuta yamewekwa na alama zimechorwa. Mwaka unaofuata ajali zinapungua, na kila mtu anashukuru matuta. Huenda ni kweli. Lakini mtu wa Pemba mkarafuu umeshamfundisha kuwa na tahadhari. Mti ule hauzai sawa kila mwaka: ukitoa msimu mkubwa huchoka, msimu wa pili ukatoa haba, kisha ukainuka. Anayepalilia baada ya msimu haba, akapata vuno zuri, atasema palizi ndiyo iliyoleta vuno. Palizi ina faida yake, ila mti ulikuwa unainuka wenyewe. Ajali za kona moja nazo hupanda na kushuka kwa bahati. Ukichagua kurekebisha mwaka zilipofika kileleni, mwaka wa pili zitaelekea kushuka hata kama ulichofanya ni kupaka rangi tu. Dawa yake ni kutazama miaka mitatu au zaidi kabla na kiasi hicho baada, na kulinganisha na kona ambazo hazikuguswa.

Takwimu za kuanzia tunazo. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar hutoa takwimu za ajali za barabarani kila mwezi, na ni hazina ambayo waandishi wa habari na masheha hawajaitumia inavyostahiki.

Kisha kuna kasi. Sote tunafurahia lami laini, nami pia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila asilimia 1 inayoongezeka katika mwendo wa wastani huongeza hatari ya ajali ya kuua kwa asilimia 4 hivi. Kwa hivyo mradi ule ule unaookoa dakika asubuhi, barabara ikiwa imejaa, unaweza kuua usiku, barabara ikiwa tupu na honda zinakwenda kama mshale. Tathmini inayohesabu dakika na kunyamaza kuhusu majeruhi imehesabu nusu. Nakumbuka kusimama mbele ya skuli moja kando ya barabara iliyopanuliwa, nikiwatazama watoto wadogo wameshikana mikono wakisubiri kuvuka. Zamani walivuka njia mbili. Sasa wanavuka nne. Watoto wale hawajajazwa katika dodoso lolote, na muda wao wa kusubiri, na woga wao, ni gharama ya mradi kama ilivyo saruji.

Nani apime, na lini?

Mwanafunzi hasahihishi mtihani wake mwenyewe. Mkandarasi na mhandisi msimamizi wafuatilie kazi kila siku, hilo ni jukumu lao. Tathmini ya matokeo inafaa ifanywe na wengine, na ichapishwe kwa Kiswahili kinachosomeka. Miradi inayogharamiwa na Benki ya Dunia, kama ule wa huduma za mjini uliojulikana kwa kifupi ZUSP, uliotengeneza mitaro ya maji ya mvua na ukuta wa bahari wa Mizingani, huwa na jedwali la viashiria tangu mwanzo na ripoti ya mwisho huwekwa wazi. Sioni sababu barabara zinazojengwa kwa njia nyengine zisiwe na jedwali kama hilo, hata la ukurasa mmoja, libandikwe kwa sheha.

Masika nayo ni mpimaji. Mwanakwerekwe imejulikana kwa miaka mingi kwa kutuama maji, na barabara iliyopimwa Januari tu haijapimwa. Ikiwa mvua ya Aprili inaifunga njia kwa siku tatu, siku hizo zihesabiwe pamoja na nyengine, maana mwenye duka alizihesabu.

Na ikiwa barabara ya mtaani kwenu bado haijaguswa lakini mmeshasikia kuwa zamu yenu inakuja, takwimu za awali mnaweza kuzianza wenyewe. Chukua daftari la skuli. Kila siku andika saa uliyotoka mlangoni, saa uliyofika, mahali gari iliposimama muda mrefu, na kama mvua ilinyesha. Wakifanya hivyo watu kumi wa mtaa mmoja kwa miezi miwili, mtakuwa na jambo la kuwekwa mezani siku ya mkutano wa sheha, kabla na baada ya tingatinga. Siku za Ramadhani ziandikeni kwa wino mwengine.